Mguu Ulioombwa Mara Tatu

Mjukuu wangu yuko chuo cha uuguzi. Likizo iliyopita alikuja hapa Makanyagio, akanikuta nahangaika na redio yangu ambayo husikika vizuri ukiipiga kofi. Akaniuliza, "Babu, wewe si ulifanya kazi thieta? Darasani tunabishana. Mtu akishasaini kwamba anatoa kiungo chake, figo, jicho, chochote, anaweza kughairi?"

Nikamwambia, "Ngoja kwanza nimalize chai."

Ile chai niliimaliza siku tatu baadaye, na yeye alishapanda basi kurudi chuo. Ndiyo maana naandika. Ni yake hii, na ni yenu nyie wenzake mtakaoichungulia kwenye simu yake. Nikikosea maandishi nichekeni tu. Mimi shule niliachia darasa la sita. Sikufukuzwa, hapana. Mwalimu aliniambia nikae nyumbani kidogo nikue, nikakua mpaka nikasahau kurudi.

Nilikuwa mhudumu wa thieta katika hospitali moja ya hapa Mpanda. Jina lake naliacha, maana mwenye makosa humu ni mimi, hospitali haikunituma. Miaka hiyo ya tisini manesi walikuwa wananiita Daktari Nusu. Kazi yangu ilikuwa kuchemsha vyombo, kufuta meza, kushika taa umeme ukikatika, na kuondoa kile kinachotolewa kwa mgonjwa. Hicho cha mwisho mkiweke akilini.

Nyie leo glavu mnavaa mara moja mnatupa. Sisi tulikuwa tunazifua, tunazianika kwenye kamba kama soksi, tunazipuliza moja moja kuangalia kama zina tundu, halafu tunazipaka poda zisigandane. Siku moja poda ikaisha. Mimi na akili yangu ya darasa la sita nikasema unga ni unga, nikapaka unga wa muhogo. Daktari akavaa, akaanza kazi, mikono ikatoka jasho. Alipovua alikuwa na ugali mpaka kwenye kiganja. Akaniangalia, akauliza, "Na mboga iko wapi?"

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Bruno, mhudumu wa siku nyingi, mtu wa maneno machache. Yeye alinipa sheria moja tu. Alisema, "Kila kinachotoka juu ya meza hii kina mwenyewe. Kidole, uvimbe, mguu, vyote vina mwenyewe. Kabla hujachimba shimo, muulize mwenyewe anataka kiwekwe wapi. Na uulize mara mbili. Mara ya kwanza kabla hajakatwa, mara ya pili kidonda kikianza kupona. Mtu anayeumwa anakubali kila kitu."

Nilimwona akifanya hivyo miaka yote. Kuna waliosema zika hapo hapo. Kuna waliosema ndugu zangu watakuja kuchukua, na kweli wanakuja, wanafunga kwenye kanga wanaenda kuzika kwao. Alikuwa anauliza kwa adabu, kama mtu anayepeleka posa. Nilimcheka sana kwa hilo.

Mzee Bruno alipostaafu nikabaki mwenyewe, ndipo alipoletwa Mzee Maganga.

Huyu alikuwa Mnyamwezi wa Litapunga, mlina asali. Alianguka mtini na mzinga wake, akavunjika mguu wa kushoto chini ya goti, akajitibu nyumbani kwa majani mpaka mguu ukaoza. Alipofika kwetu ulikuwa unanuka tangu getini. Mimi ni Mfipa, na kama hamjui, Mfipa na Mnyamwezi ni watani tangu mababu. Mtani anakutukana msibani, anachukua kuku wako mchana kweupe, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye kosa.

Asubuhi ya operesheni nilienda kitandani kwake kumsukuma thieta.

"Mfipa," akasema, "usiniambie wewe ndiye utanikata."

"Mimi nashika taa tu, mtani."

"Afadhali. Mfipa akishika kisu, radi inatangulia." Sisi Wafipa tunasingiziwa kurusha radi.

"Kwani unaogopa nini? Nyie Wanyamwezi miguu mnayo ya akiba. Si mlibeba mizigo mpaka pwani?"

"Babu yangu ndiye alibeba. Mimi nilibeba asali, tena sikufika nayo mbali."

Tukacheka wote, na mke wake, Mama Kulwa, aliyekuwa ameshika ncha ya shuka, akacheka huku anafuta macho.

Sasa, hospitalini palikuwa na chumba ambacho Sista Dafroza alikuwa anafundishia wahudumu wa afya wa vijijini. Alikuwa anafundisha mifupa kwa mchoro aliouchora mwenyewe kwenye gunia la unga, na unyayo kwenye ule mchoro ulifanana na mkungu wa ndizi. Mara nyingi alikuwa anasema, "Tungepata mifupa halisi, hawa watu wangejua kumfunga banzi vizuri aliyevunjika." Basi mimi nikamwuliza Maganga, tulipofika mlangoni mwa thieta.

"Mtani, mguu huu tukiutoa, nikauchimbie shimo, au unaweza kutufaa? Tukiusafisha, wanafunzi watasomea mifupa yake."

Akauangalia mguu wake. Halafu akauliza, "Watasoma kweli, au unanitania?"

"Watasoma. Hapa sitanii."

"Mimi sikusoma hata siku moja. Baba alinipeleka porini kwenye mizinga. Basi uende. Uende ukasome kwa niaba yangu."

Nikaandika karatasi mwenyewe, mistari minne, akaweka dole gumba. Nilimwuliza mara moja. Kidonda kilipopona na akaruhusiwa kwenda nyumbani, sikumwuliza tena. Niliona nitamchosha mzee wa watu bure.

Kusafisha mifupa nilijifunza kwa kukosea. Ukichemsha kwa moto mkali, inachubuka. Unatoa nyama kwa kisu kidogo bila haraka, unaweka ndani ya wavu, unafukia kwenye udongo wenye chungu, wadudu wale wadogo, unawaachia wiki kadhaa. Chungu ni mafundi kuliko mimi. Ukifukua unachemsha polepole kwa sabuni ya unga kwenye nusu ya pipa, unamwaga mafuta yanayoelea, unarudia, halafu unaanika kwenye bati. Unyayo peke yake una mifupa ishirini na sita. Niliipanga juani kwa mstari, nikaingia ndani kunywa maji. Nilipotoka nikakuta kuku wa mlinzi anakimbia na mfupa wa kidole cha mwisho. Nilimfukuza mpaka kwenye korongo nyuma ya mochwari, nikarudi na manyoya mawili.

Nikaogopa kumwambia Sista. Nikatafuta kifupa cha mguu wa mbuzi, nikakichonga, nikakifunga kwa waya mahali pake. Hakuna aliyejua. Nilijisifu moyoni kwamba na mimi ni fundi.

Na wakaniita hivyo. Sista aliposema, "Leo Fundi Mifupa atatuonyesha goti linavyokunjika," nikasimama mbele ya darasa, mimi, na watu wakaandika ninayosema kwenye daftari! Wakaniita mwalimu. Nikirudi nyumbani nilikuwa napita njia ndefu, watu wanione.

Mzee Maganga alikuja mara ya kwanza kuutembelea mguu wake akiwa na gongo la mti aliochonga mwenyewe na chupa ya asali. Sista akampa kiti mbele. Mzee akapitisha kidole kwenye mfupa wa muundi, akasimama mahali penye alama kama mkunjo.

"Hapa nilijikata na shoka mwaka ule nilipooa," akasema. "Nilikuwa namwangalia Mama Kulwa anapita, nikasahau kuangalia gogo."

Darasa likacheka, Sista akawaonyesha jinsi mfupa ulivyojiziba wenyewe pale. Mzee akaondoka amejaa kama amepewa cheti. Mlangoni akaugeukia mguu wake, akauambia, "Soma kwa bidii."

Ingeishia hapo, mjukuu wangu, ningekujibu kabla chai haijapoa.

Baada ya miezi kadhaa Sista alisafiri kwa semina, akaniachia funguo. Mimi na uchekeshaji wangu nikauvalisha ule mguu soksi na katambuga la tairi, nikautundika karibu na mlango, kila anayeingia lazima auamkie. "Shikamoo, Mzee Maganga!" Nami najibu kwa sauti ya kizee, "Marahaba, umeniletea asali?" Watu walikuwa wanalia kwa kucheka. Siku moja nikaushika kwenye paja, nikaanza kuuchezesha ngoma juu ya meza, mguu unapiga hatua, katambuga linalia pa, pa, pa.

Kicheko kikakatika nyuma. Nikageuka. Maganga alikuwa amesimama mlangoni na gongo lake na chupa ya asali.

Na yeye akacheka. Mtani lazima acheke. Ila alicheka kwa mdomo tu. Akaweka chupa juu ya dirisha, akatoka nje, nikamfuata.

"Mtani," akasema, "nataka mguu wangu."

"Unataka kuuvaa?"

"Nataka nizikwe nao."

"Kwani unakufa lini?"

"Hata mwakani."

"Basi uje mwakani." Nikampiga bega. Nilikuwa nimesikia vizuri kabisa kwamba hatanii. Masikio yangu hayakuishia darasa la sita. Lakini mguu ukiondoka, na fundi anarudi kufuta meza. Hilo ndilo lilikuwa moyoni mwangu, na nililijua siku ile ile.

Mara ya pili alinikuta mapokezi, amekuja kwa kifua. Kikohozi kilikuwa kimeshampunguza, koti linamning'inia. Benchi limejaa wagonjwa.

"Mtani, leo usinichekeshe. Nimekuja kuomba mguu."

"Mzee, uliweka dole gumba kwenye karatasi."

"Niliweka. Na kidole kilichoweka ni hiki hapa." Akakinyanyua. "Hiki hiki ndicho kinaomba."

Hapo hata hakimu angenyamaza. Mimi nikajibu kwa sauti benchi zima lisikie, "Kidole cha Mnyamwezi hakina rivasi, mtani!" Watu wakavunjika mbavu. Akatabasamu, akakishusha kile kidole polepole, akakiweka mfukoni.

Mnaona nilichofanya? Angekuwa mtu baki angenishika shati, angeenda kwa mganga mkuu, angepiga kelele. Nilimfungia ndani ya utani, mahali ambapo hasira hairuhusiwi, nikakaa na ufunguo.

Mara ya tatu alikuja Kulwa, binti yake mkubwa, kwa baiskeli, jasho linamtoka. Akapiga goti kunisalimia.

"Shikamoo baba. Baba mzee amezidiwa. Anasema mguu wake utangulie nyumbani, umsubiri."

"Mwambie mtihani wa wanafunzi umebaki wiki mbili. Ukiisha tu, nauleta mwenyewe."

"Anasema yeye hana wiki mbili."

"Ah, Mnyamwezi yule! Mwambie Mfipa kasema asife bila ruhusa."

Kulwa hakucheka. Aliinamisha kichwa, akasema, "Nitamwambia," akapanda baiskeli yake. Ni kilomita nyingi mpaka Litapunga. Nilimwona anavyokanyaga pale penye mchanga, nikarudi ndani.

Habari ya msiba nilipewa na mkulima mmoja wa tumbaku aliyeleta mtoto kuchomwa sindano. "Mtani wako amekwenda. Tunazika leo saa nane. Wanakutafuta, mtani ndiye anaanza shimo." Ilikuwa saa tano. Nikakimbia kwa Sista Dafroza, naogopa, maana mtihani ulikuwa keshokutwa. Nikamweleza yote, toka katambuga mpaka Kulwa. Alikuwa anasahihisha madaftari. Akaweka kalamu chini.

"Alikuomba lini?"

"Mara ya kwanza ni kama miezi minane."

"Kwa nini hukuniambia? Ningempa siku ile ile."

"Karatasi, Sista... alisaini."

"Karatasi ile ilikuwa ya kumlinda yeye asionewe na wewe. Hukuelewa? Mimi nitafundisha kwa gunia langu. Nilikuwa nafundisha kabla ya mguu."

Basi. Miezi minane nilikuwa nazuia mlango ambao haukuwa umefungwa. Na mwenye kufanya vile hakuwa Sista, wala mganga mkuu, wala serikali.

Niliukunja mguu pale gotini, nikauzungushia shuka safi la thieta, nikautia kwenye kiroba cha sukari, nikafunga nyuma ya baiskeli. Njiani mnyororo ukatoka mara mbili. Nilifika watu wanatoka kaburini, pale pale uani, wamebeba majembe na wananawa mikono kwenye ndoo.

Mama Kulwa alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake. Nikapiga magoti, nikaweka kiroba mbele yake. Hakuuliza ni nini.

"Umechelewa, mtani," akasema.

"Nimechelewa, mama."

"Tumemlaza na gongo lake, upande wa kushoto. Asiende akiruka ruka."

"Mama, nitukane."

Akatikisa kichwa. "Aliniambia kabla. Alisema, Mfipa atakuja na mguu, siku yoyote ile, msimkasirikie. Mtani hakasirikiwi." Akavuta kanga begani. "Ungekuwa mtu baki, ningekupiga na mwiko mpaka Mpanda mjini. Lakini wewe ni mtani. Sina la kukufanya."

Nawaambieni, nimeshawahi kuchapwa na mwalimu, na daktari, na mke wangu mara moja kwa sababu nzuri. Sijawahi kupigwa kama nilivyopigwa na yale maneno. Nilitaka mtu mmoja tu anyanyue sauti. Walinipa maji ya kunywa.

Wazee wakasema kaburi halifukuliwi. Nichimbe pembeni, upande wa kushoto, shimo fupi, na mtani mwenyewe ndiye achimbe. Nikachimba. Kulwa akasimama karibu, akasema, "Baba alisema tuuhesabu. Alisema Wafipa wanapenda kubakiza." Watu wakaanza kucheka kidogo kidogo, maana msiba wa watani lazima ucheke. Walikuwa wananisubiri mimi nianze kazi yangu ya kuwachekesha. Nikafungua kiroba.

Nikakata waya, nikaanza kuweka mfupa mmoja mmoja kwenye shuka. Kipande cha paja. Kifuniko cha goti. Muundi, na alama ya shoka, ambayo Mama Kulwa alisogea akaigusa. Mfupa mwembamba wa pembeni. Halafu unyayo, Kulwa anahesabu kwa sauti, moja, mbili, mpaka ishirini na tano. Wa mwisho ukabaki kiganjani mwangu.

"Ishirini na sita," akasema Kulwa. "Weka."

Ningeweza kuuweka. Nani angejua? Niliuangalia ule mfupa niliouchonga mwenyewe kwa ufundi wangu wote.

"Huu sio wake," nikasema. "Huu ni wa mbuzi. Wa kwake ulichukuliwa na kuku."

Nikasikia mtu anahema kwa pua, halafu Mama Kulwa akajifunika uso na kanga, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Akacheka mpaka akashika mkono wa jirani yake, "Kuku! Jamani, mume wangu! Kuku!" na mkeka mzima ukalipuka, na wazee, na Kulwa mwenyewe ameinama na jembe. Nadhani tangu asubuhi walikuwa hawajapata pa kupumulia.

Mimi, Daktari Nusu, mchekeshaji wa wodi zote, ndiye peke yangu niliyelia. Nililia na udongo mikononi, na wao wakazidi kucheka wakidhani ni sehemu ya utani.

Kwa hiyo, mjukuu wangu, wenzako wakibishana tena, waambie babu amemaliza chai. Anaweza kughairi. Awe amesaini, awe ameweka kidole, awe ametangaza kanisani. Figo ikiwa bado ndani yake ni yake, na mimi nasema hata mguu ukiwa umeshatoka bado una mwenyewe, Mzee Bruno alishanieleza. Uulize mara mbili. Na akikujia kughairi huku anacheka, usisikilize kicheko, angalia kidole.

Ule mfupa wa mbuzi ninao. Uko kwenye kopo la vifungo, kabatini. Bibi yako alitaka kuutupa, nikamkatalia. Ukija likizo nitakuonyesha.